Safari ya Mafinga na Mkia wa Ubao

Kwenye mfuko niliopakata tangu Tanga kulikuwa na futi ya chuma, daftari, na kipande cha ubao chenye urefu wa shibiri moja. Kipande hicho ndicho kilichonisafirisha. Nilikikata mwishoni mwa ubao wa msindano tuliokuwa tumeupitisha kwenye mashine yetu ya randa, na kila aliyepitisha kidole juu yake alisikia jambo lile lile: uso laini, laini, kisha ghafla kidole kinashuka. Sisi karakanani tuliiita ngazi. Kina chake hakikuzidi unene wa ukucha, lakini ukipanga mbao tatu kuwa uso wa meza na mwanga ukaingia kutoka pembeni, hakuna jicho litakaloikosa.

Tulikuwa tumepata kazi ya meza 8 za bwalo la shule ya bweni. Kila meza futi 16, mbao tatu ubavu kwa ubavu, bila kiungo katikati. Miaka yote dawa yetu ya ngazi ilikuwa msumeno: tunanunua ubao mrefu kuliko tunavyohitaji, tunaupiga randa, kisha tunakata inchi nne huku na inchi nne kule. Mwisho wa wiki vipande vile vinakwenda kwa mama lishe kuwa kuni. Safari hii hapakuwa na cha kukata. Mbao zinazojaa madukani ni za futi 12. Za futi 16 ni za kuagiza, na zikija huwa zimezidi kwa upana wa vidole viwili tu. Tulijaribu mbili, zote zikaharibika huku na huku. Fundi mkuu akazima mashine, akasimama kimya, kisha akaniambia, "Binti, utakwenda Mafinga. Kazinunue huko huko, zipigwe randa huko huko na watu wanaozijua. Na uangalie wanavyofanya."

Nilikuwa sijawahi kuvuka Morogoro. Tulitoka saa kumi na mbili alfajiri, Segera, Chalinze, na pale Msamvu nikabadilisha basi. Ndani ya hifadhi ya Mikumi dereva alipunguza mwendo na abiria wakahamia madirishani. Swala walikuwa kundi zima karibu na lami, na twiga wawili mbali kidogo. Baada ya hapo barabara inaingia bonde la mibuyu, joto linapanda, na Ruaha Mbuyuni vitunguu vinaning'inizwa dirishani kabla basi halijasimama vizuri.

Kisha Kitonga. Nilikuwa nimeusikia mlima huu tangu utotoni, kwa jina lake la kuogofya watu. Basi lilipanda kwa gia nzito, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na kwenye kona moja tulisimama kupisha lori lililokuwa linashuka limejaa mbao. Zilikuwa ndefu kuliko bodi ya lori. Zilining'inia nyuma kwa kiasi cha futi tano hivi, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye ncha, na kila lori lilipokanyaga kishimo, ncha zile zilishuka, zikapanda, zikashuka. Niliziangalia mpaka zikapotea kwenye kona ya chini. Wakati ule niliona mzigo tu uliofungwa vibaya. Siku mbili baadaye nilizikumbuka.

Tulipita Ilula kwenye nyanya, tukapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, na giza likatukuta Ifunda. Niliposhuka Mafinga, baridi ilinipiga kifuani kama maji. Mtu wa pwani hajui kuwa ndani ya nchi yake kuna mahali ambapo mwezi wa saba usiku pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Mhudumu wa nyumba ya wageni alinisalimu "kamwene", akaniletea blanketi la pili bila kuombwa.

Asubuhi niliuona mji. Harufu ya utomvu ilikuwa kila mahali. Kando ya barabara kuu mbao zimepangwa matabaka kwa matabaka, vijiti vyembamba katikati ya kila tabaka ili upepo upite zikauke bila kupinda. Huku ndiko liliko shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini. Upandaji wake mkubwa ulifanyika miaka ya 1970 na 1980, na mti unaotawala ni msindano wa patula, ambao asili yake ni Meksiko. Siku hizi wananchi nao wamepanda ya kwao, mpaka kwenye miteremko iliyokuwa ya mahindi. Nilipita katikati ya matabaka yale nikihesabu urefu kwa macho, na moyo wangu ulifurahi kwa namna ambayo seremala mwenzangu ataielewa. Kwetu ubao ni bidhaa inayofika. Hapa unauona unakotoka.

Nilinunua mbao 26, inchi 2 kwa 10, futi 16, zilizokauka vizuri. Mbili zilikuwa za akiba. Kila moja ilikuwa na uzito wa karibu kilo 30, na namba hiyo naomba msomaji aishike.

Karakana ya kwanza niliyoelekezwa ilikuwa na mashine kubwa maradufu ya yetu. Nikafurahi mapema. Walipitisha ubao wa mteja mwingine mbele yangu: mmoja akausukumia ndani, kijana akaupokea upande wa pili kwa kuuvuta kuelekea chini, haraka haraka, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Ulipotoka nilipitisha kidole. Ngazi ilikuwepo, mbele na nyuma, na ilikuwa kubwa kuliko yetu. Nilishukuru nikaondoka. Nilijua tayari kwamba ukubwa wa mashine hautaniokoa.

Mama mmoja muuza chai ndiye aliyenielekeza kwa mzee mwenye banda la bati nyuma ya stoo za mbao. "Ni mpole," alisema, "lakini hapendi haraka."

Nilimkuta ameketi juu ya gogo ananoa kisu cha randa kwa jiwe la mafuta. Nikampa shikamoo, akanijibu marahaba, akaniuliza habari za Tanga na za bahari kabla ya kuniuliza shida yangu. Sikueleza. Nilitoa kile kipande mfukoni nikampa. Alikipitishia ukucha mara moja, akakigeuza, akapima kwa vidole kutoka kwenye ngazi hadi mwisho wa ubao.

"Inchi tatu," alisema. "Ndio umbali wa kutoka kwenye visu vyenu mpaka rola ya pili. Visu vyenu havina kosa, mwanangu. Nani alikuwa ameshika mkia?"

Nilifikiri. Nilijibu ukweli: kijana wa deiwaka, yeyote aliyekuwepo siku hiyo.

Mzee akaniita kwenye mashine, ikiwa imezimwa, akafungua kifuniko. Yeye na vijana wake waliiita tiknesa, kama mafundi wengi wanavyoiita: mashine ya randa inayokula uso wa juu wa ubao ili unene uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Akanionyesha rola ya kuingizia, yenye meno yanayouma ubao na kuuvuta. Nyuma yake silinda ya visu. Nyuma ya visu, rola ya kutolea, laini. Chini yake meza ya chuma kizito, urefu wake haufiki futi tatu.

"Sasa weka ubao wa futi 16 juu ya meza ya futi tatu," alisema. "Nini kinatokea?"

Alichukua rula ya mbao, akaiweka juu ya ukingo wa meza, akabonyeza ncha ya nje kwa kidole. Ncha ya ndani ikainuka. Hapo ndipo niliposikia ndani ya kichwa changu lile lori la Kitonga likikanyaga kishimo.

Ubao unapoanza kuingia, umeshikwa na rola moja tu, na futi 15 zote ziko nje zikivuta chini kwa uzito wake wenyewe. Mkia ukilemea, kichwa kinainuka kutoka kwenye meza na kwenda kuvikuta visu, navyo vinakula zaidi ya vilivyopangiwa. Vinaendelea kula hivyo mpaka kichwa kifike kwenye rola ya pili. Rola ya pili ikikikamata, ubao unalala, na mpaka wa pale ulipolala ndio ngazi. Mwishoni mambo yanageuka: rola ya kwanza imeshauachia mkia, futi 15 ziko upande wa kutokea, kichwa kinalemea chini, mkia unainuka kwenye visu. Ndiyo maana kipande changu kilikuwa na ngazi kwenye umbali ule ule kila mara. Miaka mingapi tumenoa visu, tumekaza skurubu, tumelaumu mashine na aliyetuuzia, na kumbe ubao wenyewe ulikuwa unajipeleka kwenye visu kwa uzito wake!

Nilimuuliza kwa nini basi tusitengeneze benchi mbili imara, moja kila upande, zenye kimo cha meza ya mashine, mambo yakaisha.

"Zungusha huo usukani," alisema.

Nilizungusha. Meza ya chuma ilipanda.

Hapo nilielewa jambo ambalo nadhani karakana nyingi zinalikosa. Kwenye mashine ndogo za kubebeka, mara nyingi kichwa chenye visu ndicho kinachoshuka na meza inabaki mahali pake. Kwenye mashine kubwa ya kusimama kama ile, visu havisogei. Meza ndiyo inayopanda kuvifuata. Kila awamu unakula milimita moja au moja na nusu. Baada ya awamu nne meza imepanda milimita 4 hadi 6, na benchi yako uliyoipima vizuri asubuhi imebaki chini. Sasa inausaidia mkia kushuka.

Stendi za mzee zilikuwa nne, mbili kila upande. Miguu ilikuwa ya mkaratusi, mizito, imepanuka chini ili isiyumbe. Juu ya kila stendi kipande cha bomba la maji kilizunguka kwenye mhimili kikiupokea ubao bila kuukwaruza. Na katikati, chini ya bomba, palikuwa na jeki ya gari. Jeki ya kawaida ya kuzungusha, ile inayokaa kwenye buti la gari dogo. Kila meza ilipopandishwa, kijana alizunguka na kijiti chake na kupandisha jeki nne, kisha akalaza ubao ulionyooka juu ya meza na kupima hadi kwenye bomba. Mzee alitaka bomba la mbali liwe juu ya meza kwa unene wa karatasi chache, lisiwe chini kamwe. Stendi ya karibu ilikuwa futi nne kutoka kwenye mashine, ya mbali futi kumi. Nilipouliza kwa nini isitoshe moja ya katikati, aliniambia nitembee na ubao: ukishaingia futi tisa, mkia unaiacha stendi ya katikati, na hapo unabaki na futi saba zinazoning'inia.

Kwa kuwa kupanga jeki nne kunachukua muda, hawakumaliza ubao mmoja mmoja. Mbao zote 26 zilipita kwa kipimo kimoja, ndipo meza ikapandishwa, jeki zikapandishwa, na zote zikarudi tena. Kabla ya hapo kila ubao ulikaguliwa kama umenyooka, kwa sababu tiknesa hainyooshi ubao uliopinda. Rola zinaulaza kwa nguvu, visu vinapita, ukitoka unarudia kupinda kwake, sasa ukiwa mwembamba. Mbao nne zilikwenda kwanza kwenye mashine ya kunyooshea uso.

Mshika mkia wa mzee alikuwa mtu mzima, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka tisa. Aliniomba nifunge mtandio vizuri na kuuchomeka ndani ya ovaroli, na nivue glovu, kwa sababu rola ikishika kitambaa haina huruma. Alinipa pamba ya masikioni. Alinionyesha pa kusimama: ubavuni mwa ubao, siyo nyuma yake moja kwa moja, maana ubao ukirudishwa na visu unarudi kama mkuki. Na akaniambia nisiiname kamwe kuchungulia ndani.

Kisha akaniweka mkono kwenye mkia. Stendi zinabeba uzito, alisema, lakini ile sekunde ya kuingia na ile ya kutoka zinahitaji mkono wa mtu. Unaunyanyua mkia mpaka usikie uzito wake umekuwa wako, halafu unaongeza kidogo, kiasi cha kidole, ili kichwa kikandamizwe juu ya meza. Husukumi. Rola ndiyo inayovuta, nawe unafuata mwendo wake. Mngurumo wa visu ukibadilika na mpokeaji akiinua kiganja, ujue rola ya pili imekamata. Unaushusha mkia taratibu juu ya bomba. Upande wa pili mwenzako anakwenda na kichwa, na mkia unapokaribia visu yeye ndiye anayenyanyua. Ubao mzima wa futi 16 ulichukua chini ya dakika moja.

Nilishika sita. Zilitoka safi. Maranda yalimwagika marefu na meupe, yananukia, na mzee alipitisha ukucha kila ncha bila kusema neno. Wa saba niliuachia mapema. Lori lilipiga honi barabarani, macho yangu yakaenda huko, na mkono ukashuka kabla kiganja hakijainuliwa. Nilisikia sauti: mngurumo ulizama ghafla, mara moja, kama mtu aliyekatizwa akizungumza. Mzee naye aliisikia kutoka kwenye gogo lake. Hakunifokea. Alichukua chaki, akachora mstari kwenye ngazi ile, akauweka ubao pembeni, akasema, "Akiba yako ilikuwa mbili. Sasa ni moja."

Kilo 30, kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo namba niliyoomba msomaji aishike.

Jioni, tunakunywa chai nje ya banda, nilimuuliza mshika mkia analipwaje. Alinijibu bila kusita: sawa na anayeendesha mashine. Mzee ndiye aliyeweka utaratibu huo, kwa hesabu nyepesi. Ubao mmoja wa futi 16 unaoharibika ni hasara kubwa kuliko tofauti ya ujira wa siku. Mimi niliona na jambo jingine. Mti uliokatwa pale Sao Hill umesimama zaidi ya miaka 20 juani na mvuani, umepunguzwa matawi na watu, umeangushwa, umepasuliwa, umekaushwa. Kisha unafika kwetu, na inchi nane za kila ubao tunazigeuza kuni kwa sababu hatukuona haja ya kumfundisha kijana aliyeshika upande wa pili. Nilikumbuka jina la yule wa deiwaka wa siku ile. Tulimwambia "shika hapo", na alishika hapo.

Siku ya tatu mbao 25 zilipakiwa kwenye Fuso iliyokuwa inakwenda Tanga, na ule wa saba juu yake. Nilimwomba dereva azisogeze mbele mpaka kwenye kabini, na pale zilipozidi bodi tukaziwekea boriti ya kuzibeba. Alishangaa, lakini alikubali. Tuliposhuka Kitonga nilikuwa nimekaa kabinini nimegeuka nyuma, naangalia kitambaa chekundu. Hakikucheza.

Fundi mkuu alipokea mzigo kwa ukucha, kama nilivyotegemea. Ubao wa kwanza, ncha hii, ncha ile. Wa pili. Alipofika wa kumi aliacha kupima, akaniuliza mashine yao ni ya aina gani. Nilifungua daftari nikamchorea stendi.

Wenye karakana wenzangu, kabla hamjanunua seti mpya ya visu, tengenezeni stendi nne na mzipandishe kila meza ya mashine inapopanda. Mfundisheni anayeshika mkia, na mmlipe kama fundi, kwa kuwa ndiyo kazi anayoifanya. Kwetu stendi zimeshasimama, na jeki tulizipata kwa wauza vyuma chakavu. Kijana tuliyemwambia "shika hapo" ameajiriwa tangu mwezi uliopita. Meza 8 ziko bwaloni, na kila moja ina futi 16 kamili.